Alumini na chuma cha kusubu: maneno kwa mafundi wa Mbeya

Wazee wangu wa gereji, shikamooni. Dada zangu wa maduka ya vipuri, wadogo zangu mnaojifunza kazi, habari za asubuhi. Waliotoka Rungwe na Kyela, mwagonile. Waliopanda basi kutoka Iringa na Njombe, kamwene.

Nimeombwa niseme habari za metali mbili ambazo kila mmoja wenu amekwisha zishika kabla ya chai ya saa nne: alumini na chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa. Neno langu nalitanguliza ili mnipime nalo. Magari yamehama, mikono yetu bado. Injini zilizotufundisha kazi, za Land Rover za zamani, za malori ya Isuzu, za mashine za kusaga vijijini, zilikuwa chuma kitupu kuanzia bloku, lile tumbo lenye silinda, hadi hedi, kifuniko chake cha juu chenye vali. Leo gari dogo linaloingia gereji lina hedi ya alumini, na mengi hata bloku ni alumini. Sisi tunaifungua, tunaipoza, tunaifunga na kuichomelea kana kwamba ni ile ile ya zamani. Hedi inapinda, nyuzi za bolti zinatoka na bolti, mwenye gari analipa mara mbili, kisha tunasema gari za siku hizi ni za karatasi. Hazikuwa karatasi. Zilitendewa kama kitu kingine.

Hapa mezani nimeweka dramu ya breki iliyopasuka na kipande cha hedi. Kaka uliye mbele, shika hicho cha dramu, pitisha kidole pale palipovunjika. Kidole kimepata weusi. Weusi huo ni grafaiti, ile ile iliyo ndani ya penseli, na ukiielewa hiyo umeelewa karibu kila tabia ya chuma cha kusubu.

Nondo ya ujenzi ina kaboni kidogo, haifiki hata nusu ya asilimia moja. Chuma cha kusubu kina kaboni asilimia 2.5 hadi 4, na silikoni asilimia 1 hadi 3. Kikiwa uji kinaibeba kaboni yote hiyo bila taabu. Kikianza kuganda hakiwezi tena, kaboni inajitenga, na katika chuma cha kijivu, ambacho ndicho kingi kwenye gereji zetu, inakaa kama vijani vyembamba vya grafaiti vilivyotapakaa kila upande. Kaboni hiyo pia ndiyo inayofanya kiyeyuke mapema: chuma safi kinahitaji nyuzi joto 1,538, hiki kinakuwa uji kwenye nyuzi 1,150 hadi 1,200 na kinatiririka hadi pembe za mwisho za kalibu. Wachina walikuwa wanakimimina miaka mia kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Huko Uingereza, Abraham Darby alianza mwaka 1709 kukiyeyusha kwa makaa ya koki badala ya mkaa wa miti, na daraja la kwanza kubwa la chuma cha kusubu lilisimama mwaka 1779 karibu na hapo hapo alipofanyia kazi.

Sasa tazama vijani vile vinafanya nini. Ukikivuta chuma hiki, ncha ya kila kijani ni ufa uliokwisha kuanza. Ndiyo maana hakinyooki wala hakipindi, kinakatika ghafla, na nguvu yake ya kuvutwa ni nyutoni 150 hadi 400 tu kwa kila milimita mraba. Ukikigandamiza, nyufa zile zinajifunga, na kinabeba mara tatu hadi nne ya hapo. Grafaiti nayo ni laini, inateleza. Ukuta wa silinda uliochongwa kutoka chuma cha kijivu una kilainishi chake mwenyewe, na vishimo vidogo palipokuwa na grafaiti vinashika oili. Vijani hivyo pia humeza mtikisiko. Gonga dramu nzima na nyundo, kisha gonga hedi. Dramu inatoa mlio mzito unaokufa mara moja, hedi inalia. Kitanda cha mashine ya kukereza ni chuma cha kijivu kwa sababu hiyo: kisu kikitetemeka, kazi inatoka na mawimbi.

Kipo pia chuma cha kusubu ambacho grafaiti yake ni vidonge vya mviringo. Mwaka 1943 Keith Millis, mtafiti wa kampuni ya INCO, alitia magnesiamu kidogo ndani ya chuma kilichoyeyuka, na vijani vikawa vidonge. Ncha za ufa zikatoweka, chuma kikaanza kupinda kabla ya kuvunjika. Krankshafti nyingi mnazozitoa leo ni za chuma hicho. Nitakiacha hapo.

Alumini tuitazame.

Alumini tupu ni laini, unaweza kuikunja waya wake kwa vidole. Inayotengeneza hedi ni aloi: alumini na silikoni asilimia 5 hadi 12, pamoja na shaba au magnesiamu kidogo. Silikoni inashusha joto la kuyeyuka kutoka nyuzi 660 hadi 577 pale inapofika karibu asilimia 12.6, na inafanya uji utiririke vizuri. Nguvu, hata hivyo, haitoki kwenye kumimina peke yake. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aloi ya alumini iliyotiwa moto na kupozwa ghafla huendelea kuwa ngumu yenyewe siku zinazofuata. Kutokana na hilo, viwanda vya leo huipika hedi: inakaa kwenye nyuzi 540 hivi kwa saa kadhaa, inazamishwa kwenye maji, kisha inarudishwa kwenye nyuzi 155 hadi 200 kwa saa nyingine kadhaa. Ndani yake vinajengeka vijichembe vidogo mno ambavyo macho hayavioni, navyo ndivyo vinavyoizuia kupinda. Hedi iliyopikwa hivyo hufika nyutoni 250 kwa milimita mraba, sawa kabisa na chuma cha kijivu cha kawaida, na bado inavutika kidogo kabla ya kukatika.

Na uzito? Lita moja ya aloi ya alumini ni kilo 2.7. Lita moja ya chuma cha kusubu ni kilo 7.2. Mliokwisha beba hedi ya Land Rover mabegani hamhitaji maelezo zaidi. Ila msidhani ukubwa ule ule wa alumini ni mgumu kukunjika kama wa chuma. Kwa umbo lile lile alumini inanepa karibu mara moja na nusu hadi mara mbili zaidi ya chuma cha kijivu, na ndiyo maana bloku za alumini mnaziona zina mbavu nyingi na kuta nene. Mtengenezaji amerudisha kwa umbo alichopoteza kwa metali.

Joto ndipo hasa ninapotaka tukae.

Alumini hutanuka mara mbili ya chuma cha kusubu. Chukua hedi yenye urefu wa sentimita 50. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya injini imelala kwenye nyuzi 8, umeiwasha, imefika nyuzi 100. Hedi ya alumini imetaka kurefuka milimita 1. Bloku ya chuma iliyo chini yake imerefuka nusu milimita. Bolti za chuma cha pua zimeibana hedi juu ya bloku, haina pa kwenda, inajibana yenyewe ndani. Katika joto la kawaida mtengenezaji amekwisha lipigia hesabu, na gasketi imeundwa kuruhusu kuteleza kidogo. Injini ikichemsha hesabu inavunjika. Katikati ya hedi, kati ya vali za moshi, joto linapanda kupita pembeni, metali pale inataka kutanuka zaidi na imezuiwa, inabonyea ndani kwa ndani na kubaki imejifupisha. Ikipoa, haiwezi kurudi ilivyokuwa. Umeifungua, umeweka rula, mwanga unapita katikati.

Jambo la pili linatokea kimyakimya. Vile vijichembe nilivyosema vinavyoipa nguvu huanza kuharibika aloi ikikaa juu ya nyuzi 150 hadi 200, na ikifika 250 na zaidi kwa muda, hedi inarudi kuwa laini. Hii ndiyo inayowasumbua wengi. Hedi imenyooshwa, imesagwa, imepimwa iko sawa, imefungwa, na baada ya muda gasketi inatoka tena. Fundi analaumu gasketi ya bandia. Mara nyingi kweli gasketi ni ya bandia. Lakini mara nyingine hedi yenyewe imekuwa laini, bolti inaivuta na inazama. Ukiona unapofungua bolti imetoka na nyuzi za alumini zimejizungusha kwenye meno yake, simama. Ipelekeni kwenye karakana yenye kipima-ugumu kabla ya kumuuzia mtu gasketi nyingine. Chuma cha kusubu hakina ugonjwa huo kwa joto la injini kuchemsha. Kinaweza kupasuka, na kikipasuka unauona ufa.

Halafu kuna hili la kwetu sisi watu wa mlimani, ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilikazii. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyo wazi hapa huchemka karibu nyuzi 94. Kitulo, kwenye mita 2,600, huchemka karibu 91. Mama zetu wanajua maharage ya Makete yanavyochelewa kuiva. Kinachoizuia rejeta isichemke kwenye 94 ni kifuniko chake tu, chenye springi na mpira. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, kinapandisha kiwango cha kuchemka hapa Mbeya hadi karibu nyuzi 115. Mpira ukichakaa, umerudi 94. Feni ya umeme ya magari mengi inawaka kati ya nyuzi 90 na 100. Mnaona hatari ilipo: maji yanaweza kuanza kuchemka kabla feni haijapata habari. Povu la mvuke linajishikiza kwenye kuta za hedi karibu na vali za moshi, na mvuke hauchukui joto kama maji yanavyochukua. Na sensa ikibaki ndani ya mvuke, geji inaweza kusoma chini wakati hedi inaungua. Dereva atakuapia kwamba mshale haukupanda, na atakuwa anasema kweli.

Gari hilo hilo likiwa Dar es Salaam lingesamehewa kwa nyuzi 6. Kwa hiyo ninawaomba, kila gari linaloingia kwa malalamiko ya joto, kifuniko cha rejeta kipimwe kabla ya kitu kingine. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo, na hapa kwetu ndicho kinachoilinda hedi.

Gari limekwisha chemsha, liko pembeni ya barabara, tuseme kwenye kilima cha Iwambi. Utingo anakuja na ndoo ya maji ya mtoni. Bloku ya chuma ikimwagiwa maji baridi hupasuka, kwa sababu upande uliopozwa unataka kusinyaa huku mwingine umekataa, na chuma cha kijivu hakijui kuvutwa. Hedi ya alumini itapinda. Hakuna metali kati ya hizi mbili inayoshukuru kwa ndoo hiyo. Zima, fungua boneti, subiri hadi mkono uweze kukaa juu ya kifuniko cha vali bila kuondoka. Kisha maji kidogo kidogo.

Gereji, usifungue bolti za hedi ya alumini ikiwa na moto. Ipoe mpaka iwe baridi kweli. Fungua kuanzia pembeni kuja katikati, kwa hatua, kila bolti robo robo. Kufunga ni kinyume: katikati kwenda pembeni, kwa renchi ya kupimia nguvu, kwa vipimo vya injini ile. Kufunga kwa kubahatisha mkono kulivumilika kwenye chuma. Kwenye alumini unang'oa nyuzi.

Kupima unyoofu, rula ya chuma iliyonyooka na filagaji, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi, vinatosha. Pima mara sita: pande mbili za urefu, mbili za upana, na kona kwa kona mara mbili. Vitabu vingi vya watengenezaji vinaweka kikomo kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita. Nywele ya kichwani kwako ni karibu unene huo huo. Na hapa niseme kwa uchungu kidogo: msiikwangue hedi ya alumini kwa bisibisi wala kwa jiwe la grainda ili kuondoa gasketi ya zamani. Mkwaruzo mmoja unaovuka ukingo wa silinda ni njia ya moshi.

Jambo moja zaidi la kusaga. Hedi ikipinda, imepinda nzima, chini na juu. Injini ambayo kemshafti, ile shafti inayosukuma vali, imelala ndani ya hedi, vitanda vya kemshafti navyo vimepinda. Ukisaga chini peke yake, uso wa gasketi utanyooka na kemshafti itabana au kukatika. Inyooshwe kwanza kwa karakana inayojua, kwa joto na polepole, kisha isagwe kidogo. Au mwambie mwenye gari ukweli, anunue nyingine.

Nimewalaumu vya kutosha kwa ajili ya alumini. Niwape chuma haki yake, na hapa naongea na ndugu zangu wa malori.

Lori la tani 56, uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara zetu, linatoka Tunduma na shaba, limeuchukua mlima, sasa linateremka Kitonga. Kila mita 100 za kimo inazoshuka, nguvu inayopaswa kuzuiwa ni sawa na joto la kuchemsha na kugeuza mvuke maji ya lita 20 na ushei. Injini ikibaki kwenye gia nzito inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Dereva akiachia gia, wote unaingia kwenye dramu. Dramu inapita nyuzi 300 kirahisi, na zaidi. Alumini kwenye joto hilo imekwisha poteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na kuyeyuka kwake hakuko mbali. Chuma cha kijivu kwenye nyuzi 300 au 400 bado ni kile kile. Kinameza joto, kinasambaza, kinasuguliwa na lainingi bila kung'ang'ana kwa sababu ya grafaiti yake, na kinanyamazisha mlio. Ni cha bei nafuu, kinachongeka. Zimejaribiwa metali nyingine na zipo kwenye magari ya mashindano, lakini lori la kawaida duniani bado linasimamishwa na chuma cha kijivu.

Dramu hii iliyopo mezani ina nyufa ndogo ndogo uso wa ndani, zimejipanga kama ngozi ya kisigino cha kiangazi. Zile ni nyufa za joto: uso unatanuka ukiwa na moto, unasinyaa ukipoa, na kila mara chuma kinavutwa, na tumesema hakijui kuvutwa. Ufa mmoja ukifika ukingoni, dramu imekwisha. Usikereze, usichomelee. Na madereva wasimwagie maji dramu yenye moto mwisho wa mteremko. Najua moshi unatisha. Wasogee mbali kidogo, waache ipoe na upepo.

Wanaotaka kuona metali hizi zikifanya kazi pamoja, wamuombe kijana wa bodaboda silinda iliyokufa, waikate katikati kwa msumeno. Nje ni alumini yenye mapezi, ndani kuna laina nyembamba ya chuma cha kusubu. Chuma kinasuguana na ringi, alumini inalitoa joto nje mara mbili au tatu upesi kuliko chuma kingeweza, na mapezi yanalikabidhi kwa upepo. Pistoni ni alumini, inatanuka kuliko laina, kwa hiyo nafasi kati yao imepimwa kwa sehemu za mia za milimita. Bodaboda mpya ikipakizwa viazi gunia mbili kupanda Isyesye kabla haijalainika, pistoni inaijaza nafasi hiyo na kushika. Zipo siku hizi injini za bloku ya alumini zisizo na laina kabisa, ukuta umepakwa tabaka jembamba gumu. Hizo hazichongwi kupokea pistoni ya ukubwa unaofuata kama tulivyozoea. Ulizeni kabla ya kuipeleka kwenye mashine.

Kutu nako kuna lake. Chuma kinaota kutu nyekundu kila mtu anaiona. Alumini hujivika oksaidi nyembamba mno inayoilinda, ndiyo maana sufuria hailiki. Lakini alumini na chuma vikigusana ndani ya maji yenye chumvichumvi, vinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Fungueni hedi ya gari lililojazwa maji ya bomba miaka yote, mtazame matundu ya maji: yamekuwa na midomo iliyotafunwa, hadi gasketi haina pa kukaa. Kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ina dawa za kuzuia hilo, nazo huisha nguvu, ndiyo sababu inabadilishwa. Kwa wenye magari ya Makete na Njombe, ambako Juni na Julai baridi hugandisha maji usiku, kulanti inalinda bloku pia: maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9 ya ukubwa, na chuma cha kijivu kitapasuka bila kelele wewe ukiwa umelala.

Kuchomelea nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wachomeleaji mtakuwa na siku yenu.

Chuma cha kusubu ukikichomelea kwa fimbo ya kawaida bila kukipasha moto, sehemu iliyo karibu na weldi inapoa haraka, kaboni haipati muda wa kuwa grafaiti, inakuwa chuma cheupe: kigumu kama kioo, tupa haiking'ati. Unasikia "ta!" jioni, ufa umejifungua pembeni ya weldi yako. Kipasheni kitu kizima polepole, tumieni fimbo ya nikeli, weldi fupi fupi, gongeni taratibu, kisha kifukieni kwenye majivu au chokaa kavu kipoe hadi kesho. Ama kiungwe kwa shaba nyeupe, inatosha kwa vitu vingi. Alumini ina hila nyingine. Oksaidi yake inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati alumini iliyo chini yake inayeyuka 660. Tena haibadiliki rangi kama chuma kinavyokuwa chekundu, unaitazama imetulia, mara imedondoka. Inahitaji kusafishwa kwa brashi ambayo haijawahi kutumika kwenye chuma, na mashine ya gesi ya agoni yenye umeme unaogeuka. Na hedi iliyochomelewa, pale palipochomelewa imerudi kuwa laini. Lijue hilo unapotoa bei.

Mwisho, skrepa na kumimina, maana nimeona karatasi za maswali hapa nyingi zinauliza hilo.

Kilo moja ya alumini mpya, kwa njia waliyoigundua Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa mwaka 1886, kila mmoja peke yake, inakula umeme wa uniti 13 hadi 15. Kuiyeyusha tena iliyokwisha tumika kunakula asilimia 5 hivi ya nishati hiyo. Ndiyo thamani ya skrepa mnayoiuza kwa kilo bila kuichambua. Ichambueni. Pistoni na hedi ziwe fungu moja, hizo zina silikoni na zinamiminika vizuri. Fremu za madirisha na nyaya fungu lingine, zina silikoni kidogo, ukizimimina peke yake zinasinyaa na kuchanika kabla ya kupoa. Sumaku iwe mfukoni kila saa: inashika chuma, haishiki alumini, na bolti moja ya chuma iliyosahaulika ndani ya tanuru inaiharibu aloi nzima. Kalibu na kijiko viwe vikavu kabisa. Tone la maji chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa mlipuko, na uji unarukia usoni. Unyevunyevu mdogo usiolipuka nao unaipa alumini haidrojeni, na kitu kinatoka na matundu kama sponji.

Kwa wanaosubu sufuria: kamwe msitie vichwa vya betri, rejeta za zamani zilizounganishwa kwa risasi, wala skrepa msiyoijua. Sufuria za aina hiyo zilizopimwa Kameruni zilikutwa zinatoa risasi kwenye chakula, na risasi inamwathiri mtoto ubongo. Tafadhali sana.

Swali la mwisho nililopewa ni la kijana anayeuliza kama tunaweza kusubu dramu za breki hapa hapa Mbeya. Kijana wangu, nyanda hizi zilijua chuma kabla ya barabara. Wafipa walijenga malungu, tanuru refu kuliko mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mifuo, kisha wakalisafisha bonge lake kwenye tanuru dogo na kufua majembe. Kile hakikuwa chuma cha kumimina, kilikuwa cha kufuliwa, lakini elimu ya moto ilikuwepo. Na Liganga ya Ludewa bado ina mlima wa chuma, chenye titani na vanadi, na makaa ya Mchuchuma jirani yake. Kwa hiyo sina shaka na nchi. Nina masharti na dramu. Puli, vitako vya mashine, nyumba za pampu, sahani za majiko, anzeni nazo, maana zikivunjika hasara ni ya mfuko. Dramu inahitaji kemia iliyopimwa kila mimino, sampuli iliyovutwa hadi ikatike, na ugumu uliopimwa.

Ila kipimo kimoja hakihitaji maabara, na unaweza kukianza wiki hii. Kabla ya kumimina kazi yako, mimina kabari ndogo kwenye mchanga, unene wake ukipungua hadi ncha kali. Iache igande, ipoze, ivunje kwa nyundo. Ncha itakuwa nyeupe, inang'aa, kwa kuwa ilipoa haraka. Sehemu nene itakuwa ya kijivu. Pima weupe umepanda kiasi gani. Ukiwa umepanda sana, kazi yako yenye kuta nyembamba itatoka ngumu na itavunja visu vya kukereza. Ongeza ferosilikoni, aloi ya chuma na silikoni, kidogo kwenye kijiko, koroga, mimina kabari nyingine, ivunje tena. Andika kila mara umetia nini na weupe ulifika wapi, na uzitunze kabari zako kwenye kopo, zenye tarehe.